Pweza wa Idi Pili

Nyinyi mnaotembeza watu mwambani siku hizi, nawaona. Nakaa pale kwenye ukuta juu ya ufuo wa Likoni, sina kazi tena ila kuwatazama, na mnanichekesha. Mna vibeji shingoni, mna filimbi, mna simu za kuwaambia maji yatakupwa saa ngapi na dakika ngapi. Juzi mmoja wenu simu ilimzimikia, akasimama mchangani hajui kama bahari inakuja au inakwenda, na bahari yenyewe iko mbele ya pua yake. Nikamwambia, mwanangu, itazame. Akanitazama mimi.

Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini na saba. Kwa asiyeijua, ni hivi: familia inakuja kutembea pwani siku ya mapumziko, baba, mama, watoto, shangazi wawili na sufuria ya pilau. Maji yakishakupwa unawapandisha juu ya mwamba kuwaonyesha viumbe vilivyobaki vidimbwini. Kaa, mkunga, bunju, jongoo bahari, kiti cha pweza na mikono yake mitano. Unawapeleka kwa miguu, unawarudisha kwa miguu, na ukijaliwa unawarudisha wote. Wageni walikuwa wakiniita kapteni. Sijapata kumiliki hata ngalawa, lakini sikuwasahihisha.

Msije mkasema nawadharau wageni, maana ndio walionilea. Ila wana mambo. Bwana mmoja, mkubwa wa ofisi huko bara, alikuja na viatu vya ngozi na soksi, akasimama juu ya mwamba mkavu, akaangaza huku na huku, kisha akaniuliza maji tumeyapeleka wapi. Nikamwambia yamekwenda Unguja, yatarudi saa tisa. Akaitazama saa yake, akamwambia mkewe wafanye haraka. Mgeni haji kutafuta elimu. Anatafuta mtu wa kumjibu bila kusita, na mimi nilijibu bila kusita miaka yote hiyo, na humo ndimo nilimoharibikia.

Aliyenifunza mwamba hakuwahi kumtembeza mgeni hata mmoja. Ni Bi Mwanamisi, mwanamke wa Mtongwe, mvuvi wa pweza. Alikuwa mwembamba, leso moja kiunoni na moja kichwani, na mkononi mchokoo, kijiti kirefu kilichochongwa ncha. Alishuka na maji na kupanda na maji, na kwa pweza hao akamsomesha binti yake Mishi mpaka Mishi akawa mwalimu wa shule. Mimi wakati huo nilikuwa kijana niliyekosa kibarua bandarini, nimeamua kwamba kuonyesha watu bahari si kazi ya kumshinda mtu aliyezaliwa kando yake. Siku ya kwanza alinikuta nimekanyaga dude lenye miiba, nimeketi kitako kidimbwini, nalia. Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanitoa miiba kwa maziwa ya papai, na tangu hapo akanichukua.

Alinifundisha mwezi kwanza. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakwenda mbali sana, na huku kwetu yanafika mwisho wake asubuhi watu washakunywa chai. Katikati yake ni maji mafu, hayatoki mwambani vizuri, na siku hizo mgeni mwambie una homa. Ndiyo maana sisi watembezaji tuliipenda Idi kuliko mashekhe: Idi ya mfungo mosi haianguki ila mwezi mchanga, kwa hiyo bahari lazima ikauke siku ambayo watu wote hawana kazi.

Akanifundisha nyumba ya pweza. Pweza ni mwerevu wa kila kitu isipokuwa usafi. Akila kaa au kome, maganda anayatupa mlangoni hapo hapo, kwa hiyo usitafute pweza, tafuta jalala. Ukiona shimo lina maganda mapya mbele yake, tia mchokoo taratibu usubiri. Akiwa ndani ataushika, atauvuta. "Usimvute wewe," alikuwa akiniambia. "Ngoja akuvute yeye, ndiyo utajua yu hai na ana nguvu kiasi gani." Na alinipa sharti moja tu. Jiwe ukilipindua kutazama kilicho chini, ulirudishe kama ulivyolikuta, kwa sababu chini ya jiwe kuna mayai na vitoto vya kila aina, na jua la muda wa saa moja linavimaliza vyote. Aliniuliza, "Wewe mtu akija akafunua paa lenu watoto wamelala, akatazama, akaenda zake, utamwita mgeni?"

Nilikuwa mwanafunzi mzuri kwa muda wa miaka mitatu hivi. Makosa yangu yalikuwa ya kawaida. Mara moja nilinogewa na maneno, nikawaeleza watu wa Changamwe habari za mkunga mpaka maji yakajaa nyuma yetu, tukarudi yametufika kifuani, shangazi yao nimembeba mgongoni na sufuria ya pilau iko kichwani kwake. Pilau haikuingia maji hata tone. Shangazi alikuja tena mwaka uliofuata, akasema hakuna matembezi aliyoyafurahia kama yale.

Sasa niwaambie jinsi mtu anavyooza polepole. Wageni walizidi, na wageni hawataki kutembea. Wakienda hatua mia bila kuona kitu wanaanza kuulizana kama ngamia wa kupanda wako wapi. Tukaanza kile tulichokiita kuandaa meza. Maji yakianza tu kukupwa, kabla wageni hawajafika, unakwenda mwamba wa mbali, unakusanya viti vya pweza, majongoo, kaa mmoja mnene, unakuja kuwapanga kwenye kidimbwi cha karibu. Mgeni akishuka tu anaona maajabu, anapiga ukelele, na wewe unajifanya umeshangaa pia. Halafu zikaja simu zenye kamera. Kiti cha pweza kikatoka majini, kikapita mkono kwa mkono, mtoto, baba, mama, shangazi, kila mtu na picha yake, mpaka kikakakamaa. Mama mmoja alinirudishia akaniambia huyu amechoka, nimletee mwingine. Nikamletea.

Na mawe tukapindua. Nani angeyarudisha? Nilikuwa na familia saba kwa bamvua moja, kila mtoto anataka kuona kilicho chini ya kila jiwe, na baba zao wanawahimiza kwa vifua mbele kama wanajenga barabara. Mwanzo nilikuwa narudi nyuma yao nikiyageuza. Baadaye nikawa nageuza yale makubwa. Baadaye nikawa nasema nitayageuza kesho. Bi Mwanamisi wakati huo magoti yalikuwa yashamshinda, Mishi kamhamishia kwake Mikindani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Miaka minane alikaa kule bila kuiona bahari. Halafu mwaka wangu wa mwisho kazini, mwanzoni mwa kumi la mwisho la Ramadhani, Mishi akanipigia simu.

"Kaka Bakari, mama asema Idi Pili twaja. Ataka uwaonyeshe wajukuu wake pweza, shimoni mwake, yu hai."

Nikamwambia karibuni, inshallah. Mishi hakukata simu. Akashusha sauti akanieleza kwamba mabinti zake wawili, Rehema wa miaka kumi na moja na Amina wa sita, hawamwamini bibi yao. Bibi huwasimulia jinsi pweza wa Likoni alivyokuwa akigeuka rangi juu ya jiwe, akimtazama usoni, akimvuta mchokoo mpaka apige magoti, na hao watoto wa Mikindani wanajua pweza anakaa mahali pawili tu: kwenye simu akiwa katika bahari za Wazungu, na kwenye kikombe cha supu barabarani. Ati pweza hapo Likoni, penye feri? Juzi, wakati wa kufuturu, mbele ya jirani, Rehema alimwambia, "Bibi wewe ni mwongo."

"Nilimchapa," Mishi akasema. "Lakini mama hakula futari siku ile. Yule mwanamke, kaka, maisha yake yote ni huo mwamba. Tafadhali."

Nikasema bila kusita, kama kawaida yangu, kwamba pweza wako tele.

Kesho yake maji yalikuwa mafu, ikanibidi kungoja mpaka mwezi ukonde. Tarehe ishirini na saba ya mfungo nikashuka na mchokoo wangu, koo limenikauka kwa saumu, nikaenda kwenye mashimo aliyonionyesha Bi Mwanamisi mwenyewe. Shimo la kwanza safi. La pili safi, mlango umefagiliwa na maji, hakuna ganda hata moja. Nikaenda siku nne mfululizo. Siku ya nne, ambayo ilikuwa kukamilisha mfungo, nilisimama katikati ya mwamba nikatazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi bila mgeni kando yangu. Mawe yote yalikuwa chali. Matumbo yao meupe yamekauka juani, kila upande, mpaka kule mawimbi yanapovunjikia. Nilitaka kukaa chini nikalia, na safari hii hapakuwa na mwiba.

Mtu mwenye akili hapo angepiga simu Mikindani akasema kweli. Mimi nilikwenda sokoni.

Idi Mosi baada ya swala, watu wanapeana mikono na kula halua, mimi niko kwa muuza samaki nachagua pweza. Nikapata mmoja mkubwa, mzuri, ana mikono yote minane. Muuzaji alikuwa keshamponda, kama wanavyofanya wote, kwa sababu pweza asiyepondwa utamtafuna mpaka Idi kubwa. Nikajiambia nani atajua, ni watoto wa Mikindani. Angalieni nilivyokuwa mpumbavu: katika hesabu zangu nilimsahau bibi yao.

Asubuhi ya Idi Pili nikaandaa meza, na sijapata kuandaa meza kama ile. Nilichagua shimo la karibu, kwa sababu ya magoti yake, hatua hamsini tu kutoka mchangani. Nikamtia pweza nusu majini, mikono nikaikunja vizuri, jicho nikaligeuza lielekee mlangoni. Nikaokota maganda ya kome ufuoni nikayamwaga mbele ya shimo. Yaani masomo yake yote niliyafuata, nikiyaendesha kinyumenyume.

Walifika maji yamekwisha kwenda. Mishi na mabinti zake wamevaa nguo za Idi, wamebeba biriani na viazi karai, na Bi Mwanamisi katikati yao, buibui jipya, na kumbe mchokoo wake wa zamani ndio umekuwa mkongojo.

"Shikamoo, mama. Idi mubaraka."

"Marahaba, mwanangu. Idi mubaraka. Umenenepa," akasema. "Bahari yakulisha."

Nikawaongoza nikipiga maneno yangu ya kazini, huyu ni kaa, huyu ni jongoo, msikanyage hapa. Rehema alikuja nyuma na simu mkononi, uso wa hakimu. Bi Mwanamisi hakunisikiliza. Alikuwa akitazama mawe. Tulipofika nikajifanya nimeshtuka, nikasema, eh, mtazameni, leo mna bahati.

Alianza na maganda, kama alivyonifundisha. Aliyatazama yale maganda yaliyopauka kwa jua la miezi, kisha akanitazama mimi. Halafu akatia mchokoo shimoni, taratibu, akasubiri kuvutwa. Alisubiri muda mrefu. Kisha akashuka kwa goti moja, Mishi kamshikilia bega, akapeleka mkono ndani, na nikaona vidole vinabonyeza nyama. Ule mkono ulikuwa umeponda pweza miaka arubaini. Ukatulia pale pale.

"Bibi, mbona hasogei?" Rehema akauliza.

Sikupata kuogopa bahari kama nilivyoogopa dakika ile. Niliona midomo ya Bi Mwanamisi inafunguka, nikajua sasa ataniita mwongo, na nilistahili.

"Amelala," akasema.

Pweza wetu halali mchana. Ni yeye aliyenifundisha hilo.

"Na mbona hageuki rangi?"

"Akilala hageuki."

Amina akataka kumgusa. Bibi yake akamshika mkono akamwambia amwache apumzike, ana watoto ndani. Rehema akainama na simu yake, akapiga picha moja, akapiga nyingine, na uso wa hakimu ukaanza kumtoka.

"Bakari, nipe mkono niinuke," Bi Mwanamisi akaniambia. Nikamwinua. Alinivuta sikio karibu na mdomo wake, sauti ya chini kabisa.

"Kapondwa wapi huyu?"

"Sokoni, mama. Jana."

"Mimi nalikufunza kumtoa shimoni. Kumtia nalikufunza lini?"

Nikayatazama maganda yangu, mimi mtu wa majibu.

"Wako wangapi mwambani?"

"Hakuna, mama. Nimetafuta siku nne."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Hakunitukana. Aliuchomeka mchokoo chini ya jiwe dogo lililokuwa chali karibu na mguu wake, akalibinua, likaangukia tumbo. Akawaambia wenzake twendeni tukale, jua linapanda.

Nimelifikiria jambo hili kila siku tangu nistaafu, nikiwa pale ukutani nawatazama mkipanga vidimbwi vyenu kabla wageni hawajafika, maana nawaona, msidhani sioni. Ningemwambia Mishi kweli kwenye simu, mama yake angekuja vilevile. Angewaonyesha wajukuu mashimo matupu, angewaambia hapa alikaa pweza na huyu Bakari na wageni wake ndio waliommaliza, na wangeniona mimi hayawani na yeye mkweli. Ningeaibika siku moja. Watoto walikuwa wamemwita mwongo bila haki, na mimi, kwa heshima na mapenzi na jicho la pweza nililoligeuza kwa vidole vyangu, ndiye niliyemfanya aseme uongo wake wa kwanza mbele yao. Meza ile haiandaliwi mgeni peke yake. Kuna mtu mwingine anabaki na uongo wake maisha yake yote, na mara nyingi si wewe.

Walikula biriani ufuoni wakanipa sahani, nikala kwa sababu kukataa kungeleta maswali. Watoto wakaogelea. Maji yalipoanza kurudi juu ya mwamba wakakusanya vitu vyao kwenda kuvuka feri. Rehema alikuwa bado anaitazama ile picha. Akaenda akasimama mbele ya bibi yake, ameinamisha kichwa.

"Bibi, nisamehe. Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Sina la kukusamehe, mama," Bi Mwanamisi akamjibu, akampapasa kichwani, na macho yake yako kwangu.